Nyongeza ya Memori

Shilingi elfu ishirini na saba, mia nne na hamsini, na jogoo mmoja. Hiyo ndiyo gharama yote ya kompyuta niliyoiunda chumbani kwetu Nyalenda, mwaka wa mwisho wa miaka ya tisini. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili jogoo amebaki nje ya jumla kwa sababu alikuwa wangu tangu yai. Mke wangu anasema alikuwa wake. Basi tumwache huko nje.

Dukani mashine mpya ya nguvu kama ile iliitwa elfu themanini, na muuzaji alikutazama viatu kabla ya kukutajia. Mimi nilikuwa fundi wa taipureta. Miaka ya themanini kazi ilikuwa tele, maana kila ofisi ya Kisumu ilikuwa na taipureta tatu, moja ikifanya kazi na mbili zikiwa kwangu. Kisha kompyuta zikaanza kuingia, ofisi moja baada ya nyingine, na nikajifunza kuzifungua jinsi mtu aliyeanguka majini anavyojifunza kuogelea.

Lakini kompyuta hii haikuwa yangu. Ilikuwa ya shemeji, dada mdogo wa mke wangu. Alikuwa karani katika kiwanda cha nguo mpaka kikafungwa, wafanyakazi wakaambiwa warudi wiki ijayo, na hiyo wiki ijayo haijafika mpaka leo. Alikuja kwetu na sanduku moja na cheti cha kompyuta alichokuwa amekisomea jioni kwa pesa zake. Watoto wake wawili aliwaacha kwa bibi yao, upande wa Luanda Kotieno. Aliwaambia atawafuata akipata kazi. Mdogo alimuuliza, "Kesho?" na yeye akajibu, "Karibu na kesho." Tangu siku hiyo ukimtajia neno kesho alikuwa anatoka nje.

Kisha nafasi ya kazi ikasikika. Kiwanda kimoja cha minofu ya mbuta, wale wanaouza samaki ng'ambo, walitaka mtu wa kutunza kompyuta zao. Karani wa pale aliyemfahamu shemeji alimnong'onezea kwamba intaviu haitakuwa ya mdomo. Utapewa seva tupu, ile kompyuta kubwa inayozihudumia nyingine, na kompyuta moja ya kawaida ya ofisi. Uiwekee seva mfumo wake mwanzo mpaka mwisho, halafu uziunganishe zisikilizane. Shemeji alikuwa ameiona seva mara moja, kwenye picha kitabuni.

"Kwa hiyo nahitaji kompyuta mbili za kufanyia mazoezi, shem," aliniambia.

Nyumba nzima tulikuwa na redio.

Aliyetuokoa hapo mwanzo ni rafiki yangu wa shule aliyekuwa akifanya kazi Nairobi. Nilimpigia kutoka kibanda cha simu, sarafu zikianguka moja moja kama meno, naye akaniambia kuna programu mpya ya ajabu. Unaiweka kwenye kompyuta moja, nayo inatengeneza kompyuta nyingine ndani yake. Ya kuigiza tu, lakini ina diski yake, ina skrini yake kwenye kidirisha, unaiwekea mfumo wake, na yenyewe haijui kwamba haipo. Ukitaka mbili, zinakuwa mbili. Wenyewe wanakuruhusu kuijaribu bure siku thelathini, kisha inajifunga. Angenitumia kwenye sidii kwa basi la usiku, pamoja na namba ya kuifungulia.

Sasa mtu akikuambia ununue kompyuta moja upate tatu, nawe umetafuta duka la namna hiyo maisha yako yote, utafanyaje? Nilimuuliza tu hasara iko wapi. Akasema iko kwenye memori. Kompyuta ya kuigiza inakula memori ya kweli. Ukiwa na megabaiti sitini na nne utapumua kwa shida. Tisini na sita ndiyo salama.

Kwenye sanduku langu la vipuri sikuwa na hata nane.

Mashine yenyewe ilitoka Milimani. Mlinzi wa geti moja huko, ambaye niliwahi kumtengenezea redio, alikuja kuniarifu kwamba ofisa wake amehamishwa na anauza vitu kabla tangazo halijabandikwa. Huyo ndiye aliyekula jogoo. Namshukuru mpaka leo, ingawa mke wangu anamshukuru kidogo zaidi ya kidogo.

"Hii ilipigwa na radi," ofisa alisema, akinionyesha kompyuta iliyokaa kwenye veranda kati ya kochi na jiko la gesi. "Haiwaki. Lakini ni mashine ya nguvu. Nipe elfu kumi na nane."

"Za kuizika, Bwana?"

"Wewe fundi, utaifufua."

"Hata nikiifufua, mwaka elfu mbili ukiingia si zote zinakufa? Redio imesema."

"Sasa kama itakufa Januari, unainunua ya nini?"

"Nina huruma."

Alicheka, na nikajua tumeshuka. Mtu akicheka katikati ya bei, bei imeshuka. Kazi iliyobaki ni kutafuta imetua wapi. Ilitua elfu tisa, bila skrini. Nilikuwa tayari nimeinama nyuma ya kasha na kunusa. Harufu ya kuungua ilikuwa kwenye kile kisanduku cha umeme peke yake, na kisanduku kama hicho nilikipata kwa fundi mwenzangu karibu na soko la Kibuye kwa elfu moja na mia mbili. Radi za Kisumu zina adabu wakati mwingine. Zinapiga mlango na kumwacha mwenye nyumba. Diski nilinunua elfu sita, skrini yenye mstari wa kijani pembeni elfu tatu na nusu, na mia mbili na hamsini zikaenda kwa mkokoteni na vikorokoro.

Ndani ya mashine kulikuwa na kipande kimoja cha memori, megabaiti thelathini na mbili. Nilibakiza kutafuta sitini na nne, na hapo ndipo nilipokutana na mtu wa saizi yangu.

Alikuwa mama wa makamo, mtu wa Murang'a, mwenye duka la vipuri vya redio na kompyuta mjini, aliyeingia Kisumu zamani na kukaa. Alikuwa anaongea bila kuinua macho kwenye kikokotoo.

"Elfu tisa, Mzee."

"Mama, nimekuja kununua memori. Duka niachie wewe."

"Nenda uulize kwingine. Ukirudi itakuwa tisa na nusu, kwa sababu utakuwa umechoka na mimi nitakuwa na njaa."

Nilikwenda kwingine. Nilirudi. Akasema tisa na nusu. Tulianza upya kama watu ambao hawajawahi kuonana, nikamlilia shemeji na watoto, naye akanililia kodi ya jiji, na tulipofika elfu saba na mia tano wote wawili tulikuwa na hasira ya kweli, jambo linaloonyesha kwamba bei ni ya haki. Nikahesabu pesa. Akahesabu. Nikamwomba nihesabu tena.

Halafu nikafanya kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa kandokando ya ziwa angefanya. Mama yangu alikuwa ananunua omena, wale dagaa wa ziwa, kwa kopo la gorogoro ufuoni, na baada ya kipimo kujaa hakuwa anaondoa mkono kwenye kikapu mpaka muuzaji aongeze konzi moja juu. Bila hiyo konzi ni kama hamjauziana, mmenyang'anyana tu.

"Mama," nikasema, "nyongeza?"

"Nyongeza ya memori?"

"Elfu saba na nusu, na niondoke mkono mtupu?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza. Nadhani ilimpendeza. Alivuta droo, akapekua kwenye nyaya na betri, akatoa kipande kidogo cha megabaiti thelathini na mbili kisicho na karatasi, akakirusha juu ya kile nilichonunua. "Haya. Usiseme sisi watu wa Murang'a ni wagumu."

Nilitembea mpaka nyumbani nikijiona nimeshinda uchaguzi.

Kompyuta za siku hizo zilikuwa na tabia iliyonipendeza. Ukiiwasha, kabla ya kufanya kazi yoyote, inahesabu memori yake mbele ya macho yako, tarakimu zikikimbia kwenye skrini nyeusi. Nilichomeka kipande cha zamani kwanza, kisha kile cha kununua, na nyongeza nikaiweka mwisho, juu ya zote, kama nyongeza inavyokaa kwenye gorogoro. Nikawasha. Tarakimu zikakimbia, zikasimama kwenye 131,072, ndiyo megabaiti mia moja ishirini na nane kwa hesabu yake ya kilobaiti. Nikazima, nikawasha tena. 131,072. Nikamwita mke wangu aje aone mashine inayohesabu kama mimi.

"Na ikimaliza kuhesabu," aliuliza, "huwa inafanya kitu?"

Ilifanya. Tuliandika barua, tukacheza karata, tukaiwekea ile programu kutoka Nairobi na namba yake ikakubaliwa. Siku thelathini zikaanza kukatika. Shemeji akafungua kidirisha, akaumba kompyuta ya kwanza isiyokuwepo, akaanza kuiwekea mfumo wa seva. Ilikwenda vizuri mpaka katikati, kisha skrini nzima ikageuka buluu, maandishi meupe, kimya. Akaanza upya. Safari hii ilikufa karibu na mwanzo. Ya tatu ilikufa ikiwa imebakiza kidogo tu, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi.

Hitilafu ikikaa mahali pamoja unaweza kuifuata. Hii ilikuwa inahamahama. Nililaumu joto, nikaondoa mfuniko wa kasha na kuipepea kwa gazeti. Nililaumu umeme, na mke wangu akakatazwa kupiga pasi, tukawa tunakwenda kanisani tumekunjamana. Nililaumu sidii. Nililaumu ile radi ya Milimani, nikasema labda ilificha kitu. Mwisho nikalaumu programu yenyewe, na rafiki yangu wa Nairobi, simu ikila sarafu, akakubali: "Omera, ndugu yangu, ni kitu kipya, bado hakijaiva. Tafuteni tu kompyuta ya pili."

Nyongeza sikuilaumu hata mara moja. Mtu halaumu kitu alichopewa bure.

Wakati huo wote shemeji alikuwa anafanya mazoezi kwenye kadibodi. Alikata upande wa katoni ya sabuni, akachora kila ukurasa wa ule mfumo kutoka kwenye kitabu, akawa anabonyeza kwa kidole. "Sasa inauliza jina la seva. Ninaandika. Sasa ninabonyeza endelea." Ilikuwa inanifanya nitoke nje mimi. Barua ya kumwita kwenye intaviu ilikuwa imeshafika. Akikosa ile kazi, alikuwa amekwisha kuamua kurudi kwa mama yake akauze omena, na watoto wasome hapo hapo walipo, na cheti kikae sandukuni.

Siku ya Jumamosi mchana tulikuwa sote nyumbani, mimi mlangoni nikitengeneza taipureta ya kanisa, tulipomwona mama wa duka la vipuri akishuka kwenye baiskeli ya boda. Alikuwa ameuliza njia kwa kutaja fundi wa taipureta anayebishana, na watu watatu walimwelekeza bila kuomba maelezo zaidi.

"Mzee, nimefuata ile nyongeza yangu."

"Mama, nyongeza ni kitu cha kwenda. Umewahi kuona muuza omena akimfuata mteja nyumbani achukue konzi yake?"

"Haikuwa yangu. Kuna mtu aliiacha dukani, ndugu yangu akaiweka droo, mimi nikafikiri ni mali yetu. Jana mwenyewe amekuja. Amepiga kelele mpaka wateja wamehama."

"Pole sana. Lakini sasa imetuzoea."

"Nitakupa mia mbili."

"Umelipa baiskeli kutoka mjini kuja kunipa mia mbili? Kwa memori?"

"Kwani wewe uliilipia ngapi?"

"Nililipia kwa kuomba, Mama. Hiyo ni kazi pia."

Akasema mia tatu. Nikamwonyesha jinsi mashine inavyoitegemea. Akasema mia nne na nusu. Nikamkalisha kwenye kiti, maana bei nzuri haitoki kwa mtu aliyesimama. Tukafika mia sita na kibodi mpya, na nilikuwa naona njia ya kufika mia saba, shemeji alipotokea chumbani na kadibodi yake mkononi.

"Samahani, Mama," alisema. "Huyo mtu aliiacha dukani ya nini?"

"Iangaliwe. Eti tangu aichomeke mashine yake inamsumbua. Kazi ndogo inafanya. Akianza kazi kubwa, inazima."

Mke wangu alikuwa anachambua sukuma. Aliacha. Shemeji alinitazama, nami nikatazama taipureta ya kanisa. Kila kitu kilikuwa wazi kama mchana. Barua na karata zilikuwa zinakaa kwenye memori ya mwanzo, ile nzima. Kompyuta ya kuigiza ndiyo iliyokuwa inajaza mpaka kileleni, ilipokaa nyongeza. Na ile hesabu niliyoipenda, 131,072, ilikuwa ni hesabu tu. Ilihesabu vipande bila kuvikagua, kama mtu anayehesabu samaki bila kunusa hata mmoja.

Mke wangu akaniambia kwa Kijaluo, polepole, akitabasamu kwa mgeni, nizichukue hizo mia sita upesi kabla huyu mama hajaelewa.

"Awinjo," mama wa duka akasema. Nasikia. "Nimeuza hapa Kisumu miaka kumi na tatu, Mama. Bei zote nimepigiwa kwa Kijaluo."

Aliyeanza kucheka ni shemeji. Hatukuwa tumemsikia akicheka tangu aje kwetu. Alicheka mpaka akaketi sakafuni na katoni yake, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kutaja bei tena. Nilikwenda nikaichomoa nyongeza, nikaifunga kwenye karatasi, nikampa bure, na tukamwagizia soda. Alipokuwa anapanda baiskeli alisema, "Jumatatu pitia dukani uchukue kibodi. Si nyongeza. Ni pole." Nilipitia. Ilikuwa mpya, ndani ya sanduku lake. Sikuomba kitu juu yake, na alinisubiri niombe, naona mpaka leo hajaamini.

Tuliwasha. 98,304, zile tisini na sita zilizo salama. Sikuwa nimewahi kufurahia kuona hesabu ikipungua. Shemeji akaumba seva, ikajengeka mpaka mwisho. Akaumba kompyuta ya pili pembeni yake, ikajengeka. Zilikwenda taratibu, ukibonyeza unaweza kunywa chai nusu kikombe, lakini zilikwenda. Akaziunganisha, akaandika amri ya kuziita, na moja ikaitikia nyingine: vitu viwili visivyokuwepo, vikisalimiana ndani ya kasha la elfu tisa. Shemeji alifunika mdomo kwa mikono yote miwili.

Zilikuwa zimebaki siku tisa za majaribio. Alijenga seva, akaifuta, akajenga. Mimi nilikuwa nampikia chai na kuzuia wageni. Mke wangu alirudishiwa pasi.

Siku ya intaviu walikuja watu wanne, wawili wakiwa na digrii. Kila mmoja alipewa zamu yake kwenye mashine. Shemeji alituambia baadaye kwamba mikono ilikuwa inakwenda yenyewe, kama kusuka. Alipomaliza, meneja aliangalia saa yake, akamuuliza amewahi kujenga seva ngapi kabla ya hiyo.

"Kumi na moja," shemeji akajibu.

"Wapi?"

"Nyumbani."

Meneja akaandika. Nafikiri aliwaza ni nyumba ya namna gani. Hakuuliza, na shemeji hakuwa amedanganya.

Kazi aliipata. Watoto walifika na mfuko mmoja wa nguo na mfuko mmoja wa omena kutoka kwa bibi. Yule mdogo aliingia chumbani, akaiona kompyuta, akauliza kama hiyo ndiyo kazi ya mama. Tulimwambia ndiyo. Akaigusa kwa adabu, kama mtu anayesalimia mkubwa.

Ningeweza kuishia hapo, lakini kuna jambo linanisumbua, na ndilo lililonifanya niandike. Shemeji alifanya kazi pale miaka mingi, akapanda. Taipureta zilipokufa kabisa na mimi nikakaa miaka miwili nikitengeneza pasi na miavuli, karo ya kifungua mimba wangu ilikuwa inalipwa na sijui nani. Shule walikuwa wananiambia tu, "Mzee, hapa hudaiwi." Nilichukua muda kujua ni nani, maana sikuzoea kutafuta pesa zilizoingia, nilizoea kutafuta zilizotoka.

Sasa amejenga nyumba kwao, bado kuingia tu. Amenijia na kusema hawezi kulala kwenye nyumba yake mpya akiwa hajanilipa ile mashine, kwa hiyo nitaje bei. Nilimwambia sifuri. Akasema, "Shem, hiyo si bei, hiyo ni kunifukuza." Nikamwambia tuondoe karo ya mwanangu tuone inabaki ngapi, akakasirika kweli kweli, akasema ya mtoto haihesabiwi. Nikitaja kubwa nimemwibia. Nikitaja ndogo ataona nimeifanya kazi yake kuwa ndogo. Nimebishana na watu wa Milimani, wa Kibuye na wa Murang'a, na kila mara nilijua pa kuanzia. Hapa sijui. Anarudi mwisho wa mwezi kusikia jibu. Wewe unayesoma, kama umewahi kukaa mahali hapa na shemeji wa namna hii, naomba uniambie: nitaje ngapi?